Kifungo cha Pili cha Shati

Siku hiyo mjinga alikuwa Ngazi, tuseme mapema tusije tukawalaumu wengine. Ngazi ndiye fundi wa kutundika picha kwenye jumba la sanaa, mrefu kama jina lake la utani. Asubuhi ya ufunguzi wa onyesho, mchumba wake, mtunza mkusanyiko wa picha wa jumba hilo, alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

— Umezitundika chini.

— Nimezitundika.

— Chini, bwana wewe. Nimekula vumbi la stoo mwaka mzima nikizichagua, halafu unazishusha kama kalenda za jikoni. Unanikomoa kwa ajili ya ule ugomvi?

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wiki iliyopita. Bibie, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, alimwambia kwamba mwanaume anayepanga harusi, nyumba na hata rangi ya mapazia bila kumuuliza, hamuoni. Ngazi akajibu, "Nakuona vizuri tu, si niko juu." Alidhani anatania. Tangu hapo simu zake hazikupokelewa, ukaja ujumbe mmoja mkavu: "Onyesho likishafunguliwa, njoo uchukue pete yako."

— Sikukomoi, alisema Ngazi, akagusa shati lake kifuani. Ukisimama karibu yangu, macho yako yanafika hapa. Kifungo cha pili.

— Ndiyo nini sasa?

— Picha hukaa usawa wa macho ya mtu. Siku zote nilipima kwa macho ya bosi. Safari hii nimepima kwa kifungo. Nimezunguka ukumbi mzima nimekunja magoti, watu wa usafi wakadhani nimeteguka. Kumbe picha ikiwa juu, kule chini unaona taa kwenye kioo tu, yenyewe huioni. Na hujawahi kusema.

— Nimesema kila onyesho.

— Umesema. Mimi ndiye sikusikia.

— Na hili la leo, uliniuliza?

Hapo ndipo Ngazi alipoelewa. Alikuwa ameomba msamaha kwa kurudia kosa lile lile.

— Sikukuuliza. Basi nakuuliza sasa. Zipande au zibaki?

Bibie akageuka. Alisogea kwenye picha ya bibi kizee anayetunga uzi kwenye sindano. Kule stoo aliijua ikiwa imelazwa mezani. Picha zikiwa ukutani hakuwahi kuona zaidi ya mng'ao. Leo aliuona uzi, na tundu la sindano, na macho ya bibi yakimtazama yeye, usawa kwa usawa. Akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mlango ukafunguliwa. Bosi aliingia, naye si haba kwa urefu, miwani juu ya paji la uso.

— Nani kapima hizi? Wageni wanaingia saa nane. Fundi, pandisha zote, au tafuta kazi kwingine.

Ngazi hakugusa nyundo. Alimgeukia mchumba wake, akasubiri.

— Zinabaki, bosi, alisema bibie.

— Zinabaki? Na mimi nitazionaje?

Bibie akaishika pete iliyokuwa imelegea kidoleni, akaisukuma mpaka ikafika mwisho.

— Miaka yote mimi nimechuchumia, bosi. Leo inama wewe.