Kiti Kitupu

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kununiwa na watu ambao hujawakosea hata neno?

Kemirembe, fundi cherehani wa Kayanga, alikutana na Jovitus kwenye ofisi ya kampuni ya intaneti, siku wateja walipofurika hadi mlangoni. Alivaa gauni la kitenge cha njano, mshono wake mwenyewe, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Dada, hata ukifoka kasi haiongezeki," kijana mmoja mrefu alimtania.

"Na wewe uliyekuja kimya, yako inakimbia?"

Wakacheka. Mapenzi yakaanzia kwenye foleni hiyo.

Msimu wa kahawa Jovitus akarudi kwao Mabira kumsaidia mama yake, Xaveria. Simu zikawa hazilali. Kemirembe alitamani kuolewa naye, roho inamuuma, lakini binti ataanzaje kulitamka hilo?

Jumapili moja Jovitus akapiga simu ya video. "Mpenzi, mama anataka kukuona."

Kemirembe akaegemeza simu kwenye cherehani, akaketi kitini. Xaveria alipotokea tu, binti akashuka akapiga magoti sakafuni, kichwa chini, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Akasubiri, saruji ikimtafuna magoti. Kimya. Alipoinua uso, simu imekatika. Akapiga, haikupokelewa. Ukaja ujumbe: *Umemdharau mama yangu. Basi.*

Yesu na Maria! Amemdharau vipi? Usingizi ukamruka, na kulipokucha tu akapanda bodaboda hadi Mabira.

Xaveria alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Kemirembe, vumbi mpaka kwenye kope, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mama akashika kiuno. "Marahaba! Kumbe magoti unayajua? Jana mbona uliondoka ukatuachia kiti?"

"Kiti gani, mama?"

"Kitupu! Nimekitazama mpaka shingo ikakakamaa. Wewe hukurudi."

"Mama! Nilikuwa chini, mbele ya hicho kiti, nimepiga magoti, nasubiri uniitikie!"

Reki ikamponyoka Jovitus, aliyekuwa akisambaza kahawa kando yao. "Mungu wangu! Mtandao uligandisha picha na kumeza sauti!"

"Kampuni gani hiyo," mama akafoka, "ya kunifanya nimnunie mtoto wa watu?"

Jovitus akachuchumaa kando ya Kemirembe, machozi yakimlenga. "Nisamehe, Kemi wangu. Ningekuuliza kwanza. Niambie nikufanyie nini, chochote."

Kemirembe akamtazama, kisha akamtazama mama. Magoti yalikuwa bado chini.

"Nioe," akasema. "Nataka unioe, Jovitus."