Magamba ya Rangi Chini ya Baraza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaonja mkate wake wa siagi na kahawa ya maziwa, Odilia Arruda alifagia ngazi za nyumba yao kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mbao mjini Fall River, yenye orofa mbili, iliyojengwa enzi za viwanda vya nguo. Odilia na baba yake, Bwana Gilberto, waliishi chini. Juu waliishi wapangaji wao, akina Prum, waliotoka Kambodia. Odilia alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi ya ufagio hakuipenda hata kidogo. Magamba ya rangi yaliyobanduka ukutani aliyasukumia kwenye nyufa za mbao, akaendelea na safari yake.

Jumamosi moja alikuta ngazi zimezibwa na ugomvi. Baba yake alisimama katikati, barua mkononi, uso umemwiva. Juu yake alisimama Mama Bopha, mpangaji, amempakata bintiye Bopha mwenye umri wa miaka miwili.

"Umenichongea!" baba alifoka. "Miaka sita uko chini ya paa langu, na shukrani yako ndiyo hii? Kuniletea serikali mlangoni?"

"Sikumchongea mtu, Bwana Gilberto. Mtoto alipimwa damu kama watoto wote wa rika lake. Wakakuta madini ya risasi. Daktari ndiye aliyeandika, si mimi."

"Kwani mimi ndiye niliyemlisha risasi?"

"Dirisha lako ndilo linalomlisha! Kila nikilifungua linamwaga unga. Nilikwambia tangu kiangazi kilichopita, ukanijibu nifute."

"Basi ungefuta!"

Mama Bopha alipanda zake juu, akaubamiza mlango hadi kuta zikatikisika. Baba aliisoma barua tena, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Ilisema kwamba rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na kwamba vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto mdogo huweza kumharibu ubongo. Mkaguzi angefika Alhamisi. Kabla ya hapo, mtu yeyote asikwangue rangi.

Ugomvi wa wazazi ukawafuata watoto shuleni. Rachana, dada yake Bopha, alisoma darasa moja na Odilia. Jumatatu wakati wa chakula, Odilia alipokaribia meza na sinia lake, Rachana alipaza sauti ili wote wasikie.

"Kaeni mbali na huyo. Kwao wanapangisha sumu, halafu wanaiita nyumba!"

Meza nzima iliangua kicheko. Odilia akahisi masikio yanawaka.

"Mdogo wako ndiye anayelamba madirisha kama paka," alijibu. "Mfundisheni kula wali kwanza!"

Kabla hajamaliza kucheka, pakiti ya maziwa ilimpasukia kichwani. Wote wawili walipewa adhabu ya kubaki darasani baada ya masomo, Jumatatu hiyo na Jumanne. Walikaa pembe mbili za chumba, wakipeana migongo.

Jumanne Odilia aliporudi nyumbani, hasira ilikuwa bado haijamwisha. Alimkuta baba kwenye baraza ya nyuma, orofa ya juu, nje ya dirisha la jikoni la akina Prum. Mama Bopha alikuwa kazini kwenye kiwanda cha samaki, na Bopha alikuwa kwa jirani, ambako Rachana naye alipitiliza kutoka shuleni. Baba alikuwa akikwangua fremu ya dirisha kwa nguvu zake zote, na vumbi jeupe limemjaa nywele na kope.

"Baba, si barua imesema tusikwangue?"

"Barua haiishi hapa. Ninayeishi hapa ni mimi," alijibu bila kugeuka. "Nitapaka rangi mpya, na huyo mkaguzi atakuta nyumba imeng'aa. Wewe zoa magamba haya yote uyatie kwenye mfuko. Kisha pangusa sakafu kwa tambara bichi, mara mbili. Umenisikia? Mara mbili."

Akashuka kwenda kununua rangi. Odilia akabaki na lile rundo la magamba. Maji yalikuwa chini, mfuko ulikuwa chini, na yeye alikuwa amechoka. Aliuangalia ufagio, akaziangalia nafasi kati ya mbao za sakafu. Chini ya baraza palikuwa na ndoo ambamo Mama Bopha alipanda mchaichai wake. "Si wao ndio wenye mdomo?" Odilia aliwaza. "Haya, pokeeni." Akafagia kwa nguvu. Magamba na vumbi vikapita katikati ya mbao, vikaanguka uani, kwenye ndoo na udongo wa wapangaji. Alikohoa, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamaliza kwa dakika tano.

"Umepangusa?" baba alimuuliza aliporudi.

"Mara mbili, Baba."

Baba aliitazama sakafu, akamtazama na binti yake, kisha akafungua kopo la rangi.

Alhamisi alasiri mkaguzi akaja. Aliitwa Bi Hannigan, mwanamke mfupi mwenye buti nzito na kifaa mkononi kilichofanana na bunduki ya kuchezea. Alipanda hadi baraza ya juu, akakielekeza kwenye fremu ya dirisha la jikoni, akasoma tarakimu zake.

"Rangi ya juu ina siku mbili," alisema. "Ya chini yake ni kongwe kuliko mimi na wewe, na imejaa risasi. Kifaa hiki hakibabaishwi na rangi mpya, Bwana Arruda. Nani amekwangua hapa?"

"Hakuna. Nimepaka tu."

"Mwongo!" Mama Bopha alidakia. "Niliporudi Jumanne nyumba nzima ilinuka rangi, na kizingiti kimejaa vumbi!"

"Ulinusa, hukuona!"

"Nimeona damu ya mwanangu, yanitosha!"

"Basi hama! Funga virago vyako utoke kwenye nyumba yangu!"

"Kumfukuza kwa jambo hili ni kosa jingine," Bi Hannigan alimkatiza. "Usijiongezee."

Walipokuwa wakirushiana maneno, Odilia aliegemea ukingo wa baraza, akatazama chini. Rachana alikuwa amekaa kwenye ngazi, shingo ameikaza kusikiliza ugomvi. Nyuma yake, katikati ya ndoo za mchaichai, Bopha alikuwa akipika. Alichota udongo kwa kijiko, akaujaza kwenye kikombe cha plastiki, akakoroga. Udongo ule ulikuwa umechanganyika na magamba meupe. Kisha akaonja mapishi yake, akatabasamu, akachota tena.

Odilia aliyatambua magamba yale. Angeweza kunyamaza. Mkaguzi alikuwa na shughuli na madirisha, na udongo wa chini hakuna aliyeuliza habari zake. Akisema, baba atadhalilika mbele ya adui zake, na Rachana atamcheka mwaka mzima. Bopha akakinyanyua kijiko mara ya tatu.

Odilia alishuka ngazi mbilimbili. Alimpita Rachana, akamnyakua mtoto, akakitupa kijiko. Bopha akapiga yowe.

"Mwache mdogo wangu!" Rachana alimrukia, akamvuta nywele. "Mwache, mchawi wewe!"

"Ana rangi mdomoni!" Odilia alilia. "Msafishe! Nimeimwaga mimi! Ni mimi!"

Watu wazima watatu waliinama ukingoni kumtazama.

"Odilia, funga mdomo," baba alisema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia alipokasirika kweli.

"Sifungi, Baba. Ulikwangua Jumanne, na mimi nikafagia yote huku chini. Nilikwambia nimepangusa mara mbili. Sikupangusa hata mara moja."

Mama Bopha alishuka mbio. Alimnawisha mtoto mikono kwenye bomba la uani, akampangusa ulimi kwa kitambaa, kisha akamgeukia Odilia. Hakupayuka.

"Amecheza hapa jana na leo," alisema. "Siku mbili."

Odilia alitamani angepigwa kofi.

Bi Hannigan alizungushia kamba sehemu ile yote. Kisha akamuuliza Odilia, "Ulifagia kwa ufagio mkavu? Ulijifunika pua?" Odilia akaitikia la kwanza, la pili akatikisa kichwa. "Basi na wewe ukapimwe. Na wewe pia, Bwana Arruda."

Baba alikuwa ameshafumbua kinywa kufoka. Akakifumba. "Huyu?" aliuliza. "Mbona huyu ni mkubwa?"

"Sumu haiulizi nani mpangaji na nani mwenye nyumba."

Majibu ya damu yalikuja. Odilia alikutwa na risasi kidogo, baba yake zaidi kidogo. Ya Bopha ilikuwa imepanda, na daktari akaagiza apimwe kila mwezi. Manispaa ikampa Bwana Gilberto amri kali. Wakaja mafundi waliosomea kazi hiyo, wamevaa mavazi meupe mwili mzima. Waling'oa madirisha ya zamani, wakaweka mapya, wakachimba na kuuondoa udongo wa chini ya baraza. Akina Prum walihamishiwa kwingine kwa wiki tatu, na Bwana Gilberto ndiye aliyetakiwa kuwatafutia mahali.

Siku waliyorudi, hakuna aliyekumbatiana na mwenzake.

"Madirisha sasa yanafunguka vizuri," Bwana Gilberto alisema, amesimama kando kuwapisha.

"Yangefunguka vizuri mwaka jana," Mama Bopha alimjibu, akapita.

Rachana alikuwa wa mwisho, amebeba mfuko wa mchele. Alisimama mbele ya Odilia. "Bado sikupendi," alisema.

"Najua."

"Lakini ulisema." Akapanda zake juu.

Mwezi uliofuata habari zikashuka kutoka orofa ya juu kwamba damu ya Bopha imeanza kusafika. Siku hiyo baba alimwita Odilia, akamketisha mezani. Tangu siku ya ukaguzi alikuwa amemsemesha kwa nadra.

"Nilikukasirikia sana," alianza. "Nilisema, mtoto huyu amenivua nguo mbele ya watu. Lakini kuna jambo hulijui. Siku ile uliponiambia umepangusa, niliiona sakafu. Ilikuwa kavu. Nilijua unadanganya, nikanyamaza kwa sababu nami nilitaka kazi iishe haraka."

Odilia aliinamisha kichwa.

"Nitazame. Nilitaka kuifunika sumu isionekane kwa mkaguzi, nikaishia kukuvutisha wewe, mwanangu mwenyewe. Kosa halifi kwa kufunikwa, Odilia. Linakaa mahali ambapo mtoto anaweza kulichota kwa kijiko. Ukikosea, sema mapema, hata kama atakayekasirika ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Ndiyo, Baba."

Bwana Gilberto alinyanyuka, akavaa kofia yake. Alisimama mlangoni kidogo kama mtu anayesukumwa asikotaka kwenda. Kisha akapanda ngazi taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, Odilia alimsikia baba yake akibisha hodi kwa wapangaji na kusema, "Mama Bopha, nimekuja kuomba radhi."

Mlango haukufunguliwa mara moja. Lakini ulifunguliwa.