Nilimwandikia Crispin Namba Yangu

Nina miaka arobaini na tisa, ni baba wa watoto wanne, na ninaishi mtaa wa Katuba. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyotumika na daftari la kuandikia kila kosa. Diploma sina. Ndugu wasomaji, hilo ndilo lililonifunga mdomo...

Nilifanya kazi katika ofisi ndogo inayoandaa hati za forodha za malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Pale kila kompyuta ilikuwa na namba yake ya mtandao, na kila hati ilihifadhi namba ya kompyuta iliyoigusa mwisho, na saa yake. Yangu ilikuwa thelathini na saba. Jioni niliibeba kompyuta nyumbani, na huko namba hiyo haikufaa. Ilinibidi niiondoe ili mtandao wa nyumbani unipe nyingine. Asubuhi naiweka, jioni naiondoa. Kila siku! Basi niliandika hatua zote nane kwenye karatasi, nikaibandika chini ya kompyuta.

Crispin alikaa meza ya pili. Kazi ile nilimwombea mimi. Ni parrain wa binti yangu Béatrice. Alimshika kanisani siku ya ubatizo. Naye alipoanza kubeba kazi nyumbani aliniambia, "Prof, uniandikie ile karatasi yako. Miye niko nasahau yote."

Nikamnakilia neno kwa neno... pamoja na namba yangu! Nilidhani ataweka yake mahali pale. Nani angemshuku baba wa ubatizo wa mwanawe?

Wiki chache baadaye, nilirudi kutoka kula bukari, ugali wetu wa mchana, nikafungua kompyuta, ujumbe ukatokea: namba hii inatumiwa na kompyuta nyingine. Nilirudia hatua zote, mipangilio ya nyumbani, kisha ya ofisini. Ujumbe ukatoweka. Katika daftari nikaandika ujumbe ule, na mbele yake: kosa langu.

Ukarudi. Mara ya tatu Crispin alicheka mbele ya wote. "Bazee, muone Prof! Hajui kama iko ku nyumba ao ku kazi!"

Nami nikacheka nao. Kwa nini sikumwuliza chef, mkubwa wetu wa ofisi? Kwa sababu aliwahi kusema kwamba mtu asiye na diploma atatuzamisha siku moja. Nikaandika tena daftarini: kosa langu...

Asubuhi moja chef aliniita. Uzito wa mzigo wa mteja wetu mkubwa ulikuwa umebadilishwa ndani ya hati, saa sita na nusu mchana. Lori limezuiliwa mpakani, mteja ametukimbia.

"Numero trente-sept, thelathini na saba, iko ya nani?"

"Njo yangu, chef," nilikiri.

"Basi njo weye."

Niliapa kwamba saa hiyo nilikuwa nakula. Lakini nilikula peke yangu! Nani angenishuhudia? Akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Nilikwenda kumuaga Crispin. Kompyuta yake ilikuwa wazi penye mipangilio ya mtandao. Niliona ya nyumbani, niliona ya ofisini... na chini yake ya tatu, isiyo na jina, yenye thelathini na saba.

Alifunga kompyuta polepole. "Si weye njo ulinifundishaka, Prof?" alisema kwa sauti ya chini. Hata haya hakuona!

Nilikimbia kumleta chef. Tulipofika, ile ya tatu ilikuwa imefutwa. Chef akauliza Crispin angeijuaje namba yangu. Nikasema nilimwandikia mimi mwenyewe.

"Na mukono yako?"

"Ndiyo, chef."

Nikampa daftari langu aone kwamba kulikuwa na mashine nyingine yenye namba yangu. Alisoma kwa sauti, ofisi nzima ikisikia: kosa langu, kosa langu, kosa langu. Kisha akanirudishia.

Leo Crispin anakaa kwenye meza yangu, na kazi yangu ni yake. Mimi natengeneza kompyuta za watu hapa Katuba, na yangu ina mtandao mmoja tu, wa nyumbani.

Ninyi mliojifunza wenyewe kama mimi, nawasihi! Mashine ikikwambia jambo usilolielewa, mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Namba ya kazi usimwandikie mtu, awe ndugu, awe nani. Wakikucheka, wacheke! Mimi niliogopa kuchekwa, na sasa Béatrice ananiuliza kwa nini parrain wake haji tena Jumapili... Nimjibu nini?