Rangi Kabla ya Mpaka

Ukiingia getini kwenye nyumba ile ya wapangaji, mlango wa kwanza ulikuwa wa mume na mke mafundi. Ndani kulikuwa na chumba na sebule ndogo. Cherehani ilikaa dirishani, kitanda kilikaa nyuma ya pazia, na ndoo za rangi zilipangwa chini ya meza ya chakula, maana hapakuwa na mahali pengine.

Mke alishona sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Mumewe alipaka rangi nyumba za watu, akaitwa Fundi Rangi. Suruali yake ya kazi ilikuwa na doa la kila nyumba aliyowahi kuipaka. Mama Sare aliyajua madoa yote. Hili la hospitali, hili la msikiti, hili la mwalimu mkuu.

Kuishi mlango wa kwanza kuna adhabu yake. Kila mgeni hubisha hapo.

"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

"Mlango wa mwisho, kulia," Mama Sare alijibu bila kuinua macho.

Alijibu hivyo akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Aliendelea kujibu hivyo hata mtoto huyo alipoingia sekondari. Msoma mita, fundi wa bomba, wageni wa wapangaji wenzake, wote walimtaka mwenye nyumba.

"Nimechoka kuwa kibao cha kuelekeza watu," alimwambia mumewe. "Nataka kwetu."

"Utapata kwenu," Fundi Rangi alisema. Naye alimaanisha. Walikuwa wakiweka akiba benki tangu walipooana, na hawakuigusa hata mwaka ule paa la kibanda chake cha kazi lilipoezuliwa na upepo, ndoo zikahamia chini ya meza.

Siku moja Fundi Rangi alirudi kutoka kazini akitembea mbiombio. Alikuwa amekwenda kupaka shule moja nje ya mji. Karibu na shule hiyo aliona nyumba inayouzwa.

"Mke wangu, nimeiona! Vyumba vitatu na veranda. Nyuma kuna shamba la kutosha mboga na kuku. Kuna kisima, maji yake baridi hadi meno yanauma. Na basi la mjini linapita pale pale."

"Umeikagua?"

"Mimi na kuta ni ndugu. Nimegonga kila ukuta. Hakuna mahali lipu imeachia. Rangi inaweza kumdanganya mtu mwingine, si mimi."

Jumapili walikwenda wote wawili. Muuzaji alikuwa dereva wa malori. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, naye sasa aliishi mji mwingine pamoja na familia yake. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kuongea kwa mikono.

"Mpaka wetu unaanzia kule," Dereva alisema, akipunga mkono kuelekea kwenye nyasi. "Unapita kule, unazunguka kisima, unarudi hapa. Eneo lote hili ni letu."

Mama Sare hakuutazama mkono. Alikuwa chumbani, kwenye dirisha la mashariki. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa mle ndani. Aliona mahali ambapo cherehani yake ingekaa, na moyo wake ukatulia hapo hapo.

Walikubaliana bei. Dereva aliwapa muda watoe fedha benki.

Wiki ile Fundi Rangi alikuwa akichelewa kurudi. Jumamosi Mama Sare alikuwa akifua suruali ya kazi, akaona doa jipya. Lilikuwa la kijani kibichi, la kupendeza.

"Baba watoto, doa hili la nyumba ya nani?"

Fundi Rangi alitazama chini. Kisha akatabasamu mwenyewe.

"La kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kule. Nimepaka mbele tu na veranda. Nilikuwa na rangi iliyobaki. Nikasema niweke alama kidogo, mtu mwingine asije akaitamani."

Mama Sare alikaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Yaani umempamba bibi arusi ambaye hujamposa!"

Alicheka hadi machozi, lakini kicheko hakikudumu. Alimjua mumewe. Fundi Rangi alikuwa hajawahi kupaka ukuta wake mwenyewe tangu azaliwe. Mikono yake ilishindwa kungoja.

Jumatatu simu iliita. Alikuwa Dereva.

"Ndugu yangu, mkono wako una baraka! Nyumba imependeza. Tangu juzi watu wanasimamisha magari wanauliza bei. Sasa na bei itabidi ipande kidogo. Na kuna bwana mmoja yuko tayari kulipa Ijumaa."

Fundi Rangi aliweka simu mezani taratibu sana. Nyumba aliyoipamba kwa rangi yake ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya rangi yake.

"Kesho tunalipa," alisema. "Tukingoja Ijumaa imekwenda."

Hapo ndipo wengi wetu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Tunaogopa kupitwa, basi hatufungui gunia. Mama Sare naye aliogopa. Usiku ule hakula vizuri.

Asubuhi alikuja mteja wake, afisa wa ardhi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alikuja kujaribu suti yake. Mama Sare alimsimamisha katikati ya sebule, akaanza kuibana suti kwa pini.

"Leo pini zako zinakwenda ovyo, dada," Afisa alisema. "Utanichoma."

Mama Sare alimweleza yote. Alimweleza nyumba, shamba, kisima, rangi ya kijani na bwana wa Ijumaa.

"Mmeshakwenda ofisini kwetu?" Afisa aliuliza.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza jina la mwenye ardhi. Mtu akikuonyesha karatasi, usiishie kwenye karatasi yake. Njoo ofisini uthibitishe kwamba ndiye mwenyewe, na kwamba ardhi haina kesi wala mkopo wa benki. Muuzaji ana mke? Ana ndugu?"

"Ana mke. Na dada mmoja."

"Wote wawili wakubali kwa maandishi. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi. Ukilipa mmoja, mwingine anaweza kukufuata kesho. Aa! Pini hiyo!"

"Samahani, dada. Usitikisike."

"Nitasimama wima. Sasa sikiliza hili kwa makini. Mipaka mmeitembea?"

"Alituonyesha kwa mkono."

Afisa alisahau pini, akageuka mzima mzima.

"Kwa mkono? Mama Sare, wewe ukiletewa vipimo kwenye kikaratasi, unakata kitambaa?"

"Sikati. Nasema mwenye mwili aje mwenyewe."

Wateja wote waliijua sheria hiyo. Wengine waliilalamikia, lakini hakuna aliyewahi kuvaa sare ya Mama Sare ikambana kwapani.

"Basi na ardhi ni hivyo hivyo," Afisa alisema. "Mpeleke mpima ardhi mwenye leseni. Awepo muuzaji, awepo kiongozi wa eneo, na wawepo majirani wote wanaopakana na shamba. Muulizeni kila mmoja mpaka wake uko wapi. Muulizeni njia ya kuingia ni ya nani. Muulizeni maji ni ya nani. Baada ya hapo ndipo mwanasheria aandike mkataba, na fedha ipite benki, isipite mkononi."

"Na bwana wa Ijumaa?"

"Huenda yupo, huenda hayupo. Lakini nyumba ukiikosa, utatafuta nyingine. Akiba ya maisha ukiikosa, utaipata wapi?"

Jioni Fundi Rangi alipinga. Alizunguka chumba, akajigonga kwenye ndoo zake.

"Tutaikosa! Nimeshaipaka!"

"Mume wangu," Mama Sare alisema, "hakuna mtu mjini anayejua kuta kukushinda. Najivunia hilo kila siku. Lakini sisi hatununui kuta peke yake. Mimi sikati kitambaa mwenye mwili hayupo. Na ardhi sikati kama majirani hawapo."

Fundi Rangi aliitazama suruali yake ikining'inia kwenye kamba, na lile doa la kijani.

"Haya," alisema. "Mpigie simu Dereva. Mimi nitashindwa."

Ofisini walikuta mambo safi. Ardhi ilikuwa kwa jina la Dereva, haina mkopo wala kesi. Mke wa Dereva na dada yake walikubali kwa maandishi. Fundi Rangi alianza kuchangamka, akitaka watoke ofisini waende moja kwa moja benki.

"Bado mipaka," Mama Sare alisema.

Alhamisi walikutana shambani. Mpima ardhi alikuja na kifaa chake cha miguu mitatu. Kiongozi wa eneo alikuja, na majirani pia. Mmoja wao alikuwa mwanamke mzee aliyefinyanga vyungu. Watu walimwita Bibi Vyungu. Alifika na udongo bado uko mikononi, akasimama pembeni.

"Shikamoo, bibi," Mama Sare alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye rangi ya kijani?"

"Ni mume wangu, bibi."

"Nilidhani ni fundi wa kukodiwa. Lakini alikuwa anaimba kama mwenye nyumba."

Mpima alipima, akatembea, akasimama mbele ya majani marefu. Akaomba jembe. Walichimba kidogo tu, jembe likagonga kitu kigumu. Lilikuwa jiwe la mpaka.

Kila mtu alitazama jiwe. Kisha kila mtu alitazama kisima. Kisima kilikuwa upande wa pili, kwenye ardhi ya Bibi Vyungu.

Fundi Rangi alikaa chini kwenye nyasi.

"Haiwezekani," Dereva alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika kweli kweli. "Nimekunywa maji haya tangu nikiwa mtoto."

"Umekunywa," Bibi Vyungu alijibu. "Nani alikunyima? Baba yako na marehemu mume wangu walichimba pamoja. Ardhi ilikuwa yetu, jasho lilikuwa la wote wawili. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba nyumba zote mbili zinywe. Lakini hawakukubaliana kwamba wewe ukiuze."

Dereva aliinamisha kichwa. Hakuwa tapeli. Alizaliwa akakikuta kisima, akadhani ni cha kwao, kama mtoto anavyodhani mwezi unamfuata yeye. Lakini muuzaji asiyejua anaweza kukuingiza hasara ile ile ya muuzaji mwongo.

"Wanakuja watu na magari," Bibi Vyungu aliendelea, "wanakipiga picha kisima changu, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kwangu. Nilikuwa nimeshanunua kufuli."

Mama Sare alipiga magoti karibu naye.

"Bibi, sisi hatujalipa bado. Tumekuja kukuuliza kwanza. Kama hutaki tuchote, tutajua tusinunue, na hatutakulaumu."

Bibi Vyungu alijifuta udongo kwenye gauni lake.

"Maji siuzi," alisema. "Kuchota mtachota. Lakini kisima kinataka kusafishwa kabla ya mvua, na mimi mgongo umegoma. Mumeo ana mgongo?"

"Anao, bibi! Upo imara!" Fundi Rangi alidakia kutoka kwenye nyasi. Hata mpima alicheka.

"Basi tuandikiane," Kiongozi wa eneo alisema. "Mdomo umeshatuletea shida mara moja." Waliandikiana siku hiyo hiyo, na makubaliano hayo yakaingizwa kwenye mkataba wa nyumba.

Ilibaki bei.

"Tuirudishe ilipokuwa kabla ya rangi," Dereva alisema kwa unyonge.

"Ishuke zaidi ya hapo," Mama Sare alisema. "Ile ilikuwa bei ya nyumba na kisima, na kisima si chako. Halafu rangi ni ya kwetu."

Dereva alitazama ukuta wa kijani, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mama, wewe ungeendesha lori ungefika mbali. Haya, ishuke." Ijumaa ilipita, na bwana wa Ijumaa hatukumsikia tena.

Walihama kabla ya mvua. Ndoo za rangi zilipata banda lao wenyewe. Jambo la kwanza alilofanya Fundi Rangi lilikuwa kufyeka majani kwenye kila jiwe la mpaka. Halafu aliwaita majirani, na mbele yao akayapaka mawe yote rangi nyeupe, taratibu, kama mtu anayepaka nyumba ya waziri.

"Safari hii nimeanza na mpaka," alimwambia mkewe. Alisema hivyo kifua mbele, na mkewe akamwacha ajivune. Ilikuwa haki yake.

Kisha akaingia kisimani na ndoo na brashi, na Bibi Vyungu akasimama juu akimwelekeza kwa sauti kubwa.

Asubuhi moja Mama Sare alikuwa kwenye dirisha la mashariki. Jua lilikuwa juu ya cherehani, na kola ya sare ilikuwa chini ya sindano. Kijana wa kusoma mita alifika verandani.

"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

"Mlango wa mwisho, ku..."

Sindano ilisimama. Mama Sare aliinua macho. Alitazama veranda ya kijani, kuku, na mawe meupe kule mwisho wa shamba. Alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye gauni, akatoka nje.

"Umesema unamtafuta nani, mwanangu?"

"Mwenye nyumba, mama."

"Ndiye mimi," alisema Mama Sare. Alisema kwa sauti ambayo hata Bibi Vyungu aliisikia ng'ambo ya kisima.