Ndege Tatu, Siku Mbili

"Fundi, nikazie upindo huu upesi, kesho alfajiri naruka tena."

Mteja alikuwa mhudumu wa ndege. Sketi yake ya kazi alimpa binti yangu, Mama Kidoti, naye akakaa kwenye benchi amejifunga shuka nililomwazima.

"Unaruka kwenda wapi, dada?" binti yangu akamuuliza, cherehani ikienda.

Akautaja mji. Ndio huo huo anakofanya kazi mkwe wangu, fundi wa lifti, mwaka wa tatu sasa.

"Pole. Siku mbili angani, miguu haivimbi?"

Yule dada akacheka. "Siku mbili? Labda twende na cherehani yako hiyo! Masaa sita, shoga yangu. Ndege moja, haitui popote. Chai ya leo nimeinywa kule."

"Labda zamani ilikuwa..."

"Mwaka wa nane huu naruka njia hiyo. Ni hivyo hivyo."

Cherehani ikanyamaza. Nilijua binti yangu anawaza nini, maana hata mimi niliwaza hilo hilo. Mwaka jana Kidoti wetu alifariki kwa homa, ana miaka minne. Wazee walikubali kumngoja baba yake mpaka kesho yake. Akasema kwenye simu: "Ndege tatu, siku mbili. Msiningoje, mzikeni." Tukamzika.

Upindo ule ulikwenda upogo, na binti yangu hashoni upogo. Mteja alipoondoka, binti yangu akampigia mumewe simu, akaweka spika.

"Baba Kidoti, kutoka huko ni masaa mangapi?"

"Salamu kwanza, mama..."

"Mangapi?"

"Sita."

"Una mwanamke huko?"

"Haki ya Mungu sina. Tiketi nilikata, uwanjani nilifika. Nikaliwaza lile jeneza, udogo wake. Miguu ikakataa."

"Mimi nilimwosha. Unadhani sikuogopa? Mimi nilikuwa na ndege gani ya kukosa?"

Mkwe wangu akalia. Mtu mzima, anayening'inia kwenye kamba ghorofa ya ishirini.

"Nisamehe, mke wangu."

"Mwaka mzima nakuonea huruma. Naulaani umbali. Kumbe umbali ni wewe."

Akakata simu. Jioni ukaingia ujumbe: "Nakuja kesho." Hakuujibu.

Kesho yake, jua la mchana, mkwe wangu huyo mlangoni na begi dogo. Binti yangu hakumkaribisha ndani.

"Tangulia makaburini. Aa, njia huijui. Nifuate."

Nikaenda nao. Kutoka geti la makaburi hadi kwa Kidoti ni hatua hamsini, nimezihesabu mara nyingi. Mkwe wangu akagota pale getini, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Twende, mwanangu," nikamwambia.

"Mama, siwezi."

Binti yangu alikuwa ameshatangulia. Akarudi, akamshika mkono wa shati, akamvuta taratibu kama anavyovutwa mtoto anayeogopa sindano. Hatua zote hamsini. Alipopiga magoti, akamwachia.

"Zungumza naye. Ukimaliza, njia ya uwanja wa ndege unaijua."

"Mama Kidoti..."

"Ila usimwambie zile ndege tatu. Mwanangu sikumzoesha uongo."

Akanishika mkono, tukaondoka wawili. Hakugeuka. Mimi niligeuka, mzazi ni mzazi. Nikamsikia ameinamia udongo, anaanza:

"Kidoti, baba amechelewa."