Mawe Hai Hayaji Peke Yake

Kaka yangu Bhekisisa aliijenga bahari sebuleni kwake kwa daftari na kalamu kabla hajanunua hata tone la maji. Nakumbuka Jumamosi ile ya mwezi wa tano. Nilikuwa nimekwenda kwake Umlazi kumpima mkewe, Nomcebo, gauni la kanisani, nikamkuta kaka mezani, miwani puani, anaongea na hesabu zake kama mtu anayesali.

"Dada, hebu sikiliza. Tangi la kioo, lita mia tatu, la mtumba, randi elfu sita. Pampu mbili, elfu mbili na mia nne. Taa, elfu tano. Chumvi ndoo nzima, elfu moja na mia tatu."

"Chumvi unainunua?" nikamuuliza. "Na bahari iko pale Isipingo, bure?"

"Maji ya pale yamebeba uchafu wa mji mzima. Hata samaki wake wanavumilia tu."

"Kama mimi na ndoa hii," Nomcebo akasema, sindano zangu zikiwa begani mwake, tukacheka wote watatu.

Nusu ya bajeti ilikwenda kwenye mawe. Nilipoona randi elfu kumi na tano mbele ya neno mawe nilidhani macho yangu yameanza kuzeeka. Kaka akanieleza kwa subira. Hayo ni mawe hai, yaliyotoka kwa mfugaji wa matumbawe aliyeyalea ndani ya maji miaka mingi. Kwenye kila tundu mna mnyoo, kaa mdogo, au mbegu ya tumbawe. Bila mawe hayo maji hayakomai, na samaki wanakufa. Wafugaji wana msemo wao: mawe hai hayaji peke yake. Unaweza kukaa nayo miezi sita ndipo aliyejificha humo ajitokeze.

Aliyemwingiza kaka kwenye mambo haya alikuwa Zwelakhe Mthembu, rafiki yake wa kazini, mwenye tangi kubwa kule Lamontville. Zwelakhe alikuwa fundi wa maneno. Alikuja kila Jumapili, akala wali na kuku wa Nomcebo, akatoa ushauri. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku zile nilimpakulia paja mwenyewe.

Kaka akaweka mawe, akayapanga kama tao la mlango, akasubiri wiki sita maji yakomae. Hakuweka hata samaki mmoja. Baridi ya Julai ilipoingia, akaongeza kipasha maji. Jumatano moja asubuhi, Nomcebo akiwa jikoni anachemsha uji, kaka alitumbukiza mkono kusafisha kioo.

Nomcebo alisikia kitu kikianguka, akadhani ni kijiko chake. Alipotoka alimkuta kaka amesimama, mkono ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, macho wazi. Alikuwa amesimama hivyo hivyo, na alikuwa ameshakufa. Polisi waliandika ajali ya umeme.

Kwetu mtu akifia mbali na kwao, mwili ni nusu ya safari. Kwetu ni Nongoma, bara kabisa, mbali na bahari. Lazima ndugu aende pale pale alipofia na tawi la mkunazi mwitu, lile lenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mmoja umepinda, amwite marehemu kwa jina la ukoo, amwambie twende nyumbani. Akishapanda kwenye tawi, anayelibeba haongei na mtu mwingine yeyote mpaka wafike. Anaongea naye tu, amwambie sasa tunavuka mto, sasa tunapanda gari. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na mama yetu, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa ananisubiri.

Nilifika kwa kaka na tawi Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi. Tangi lilikuwa tupu. Kulibaki mchanga mkavu na alama ya chumvi kwenye kioo.

"Zwelakhe aliyachukua mawe jana," Nomcebo akasema kutoka kwenye godoro la msiba. Alikuwa amefunikwa blanketi, sauti yake haina nguvu. "Alisema yameshakufa, yatanuka, majirani watalalamika. Alinipa randi mia sita, nikamwambia beba."

Nikasimama mbele ya tangi, nikamwita kwa jina la ukoo wetu. "Godide, twende nyumbani." Nikaita mara tatu. Tawi likimpokea mtu linapata uzito, na aliyewahi kulibeba anaujua uzito huo. Mikononi mwangu lilibaki jepesi kama fimbo ya kufukuzia kuku.

Tulizika mwili. Mama alinishika mkono kaburini, akauliza kwa sauti ndogo, "Umemleta?" Sikuweza kumdanganya. Hakulia. Alisema basi tumezika sanduku, na kwamba yeye hataondoka duniani mpaka mwanawe afike.

Nilijua kaka ameondoka na yale mawe, na Jumatatu nilikuwa Lamontville. Zwelakhe alinifungulia mlango akiwa na taulo begani. Nyuma yake tangi lake liling'aa, na ndani yake niliyaona mawe ya kaka yangu, samaki wa njano wakizunguka juu yake.

"Nipe dakika tano tu mbele ya mawe hayo," nikamwambia. "Nimwite kaka yangu, niondoke. Mawe yenyewe siyataki."

"Pole na msiba, dada. Lakini sisi tumeokoka. Mambo ya mizimu hayaingii nyumba hii. Na mawe nimeyalipia." Akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.

Nilirudi kwa Nomcebo na hasira zangu. Nilitaka kitu cha kaka cha kushika, nikachukua daftari lake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: *Kipasha maji, cha Zwelakhe, randi 300. Kasema hakina kasoro.* Wa pili: *Swichi ya kukata umeme ukivuja, randi 650. Mwezi ujao.*

Nikaenda kwenye stoo, nikakitoa kile kipasha maji kwenye boksi ambamo polisi walikiacha. Kilikuwa bomba la kioo. Ubavuni mwake mlikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na juu ya ufa huo mtu alikuwa amepaka gundi, akaisugua vizuri isionekane. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na sitaomba radhi.

Wiki mbili zikapita. Simu ikalia mchana, nikiwa kwenye cherehani.

"Dada." Alikuwa ananong'ona. "Njoo na lile tawi."

"Nani mwenzangu?"

"Zwelakhe. Njoo, tafadhali. Anashika mkono wangu."

Nilikwenda. Saa nane mchana, jua kali, watu wanaanika nguo. Alikuwa amepungua, shati linaning'inia. Alinipeleka hadi mita mbili kutoka kwenye tangi, hakutaka kusogea zaidi. Kila asubuhi, alisema, anayapanga mawe kwa namna yake. Akirudi kutoka kazini anayakuta yamejipanga tao, kama la kaka.

"Na angalia pale."

Kwenye kioo palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe, ya chumvi iliyokauka. Chumvi hujikusanya kwenye matangi hayo, kaka aliwahi kuniambia, lakini hukaa ukingoni, kwenye hewa. Alama hii ilikuwa chini ya maji, upande wa ndani. Kidole cha kati kilikuwa kifupi. Kaka yangu kidole hicho kililiwa na mashine ya kiwanda cha sukari akiwa na miaka ishirini na mbili.

"Naifuta, inarudi," Zwelakhe akanong'ona. Akakunja mkono wa shati. Kifundo cha mkono kilikuwa na mzunguko mweupe, umevimba, kama mtu aliyevaa bangili inayombana. "Nikiwalisha samaki ananishika. Hanivuti. Ananishika tu, kama anayenisalimia. Kila siku anakawia zaidi kuniachia."

"Ulimuuzia nini kaka yangu?"

Aliangalia tangi. Aliangalia mlango, mkewe asisikie.

"Nilijua kina ufa," akasema. "Nilipaka gundi. Nilisema kitamvusha baridi hii, atanunua kingine. Sikutaka afe, dada. Nilitaka mia tatu tu."

"Na mawe?"

"Nilijua ni mazima."

Pampu zilikuwa zinanguruma. Samaki wote walikuwa wamejibana kona moja, mbali na lile tao.

"Sasa nimesema," akanong'ona. "Mwite. Mtoe humu."

Tawi lilikuwa kwenye buti ya gari yangu. Nililikata njiani, majani yake bado mabichi. Ningeweza kutoka nje, kulichukua, kumwita kaka yangu, na jioni ile ile mama angelala kwa amani. Naomba ulijue hilo, maana mimi nalijua kila siku.

"Sikuja na tawi," nikamwambia.

Nikasogea mpaka kwenye kioo. Nikaweka kiganja changu juu ya kile cha chumvi. Kioo kilikuwa cha baridi, ingawa maji yake yalikuwa ya uvuguvugu.

"Kaka," nikasema, polepole, Zwelakhe asikie. "Kaa kwanza."

Nikaondoka. Alinifuata hadi getini bila viatu, ananiita dada, dada. Sikugeuka.

Alikufa Alhamisi iliyofuata. Mgao wa umeme mtaani kwao ulikuwa saa nne hadi saa sita mchana, na saa tano mkewe alimsikia akisema sebuleni, kwa sauti ya kawaida tu, "Niachie, bwana." Alimkuta amesimama, mikono yote miwili ndani ya maji hadi mabegani, shavu limegusa kioo. Taa zilikuwa zimezima. Pampu zilikuwa zimezima. Hakukuwa na umeme mtaa mzima. Daktari aliandika kwamba viganja vyake viliungua kwa umeme.

Nilipopata habari nilimaliza kushona upindo niliokuwa nao mkononi. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilipika chai, nikaweka sukari vijiko vitatu.

Mkewe alinipigia baada ya mazishi. "Njoo uchukue kilicho chako," akasema. Nikamuuliza kama wao wamemwita mtu wao. Akasema kanisani kwao hawaiti marehemu, Zwelakhe yuko kwa Bwana. Sikubishana naye.

Safari hii nilikwenda na binamu yangu Sbonelo na pikapu yake. Nikasimama mbele ya mawe, nikaita mara moja tu. "Njoo, twende nyumbani." Nilikuwa na haraka na furaha, nikasahau kulitaja jina la ukoo. Tawi likashuka mikononi mwangu ghafla. Nilitumia mikono miwili. Nilidhani kaka amenenepa kwa kusubiri, nikatabasamu.

Njia nzima nilikaa mbele, tawi mapajani, naongea naye. Sasa tunauacha mji. Sasa tunauacha mji. Mapaja yalikuwa yanakufa ganzi. Karibu na Mtubatuba tulisimama kujaza mafuta, Sbonelo akaenda kulipa. Kijana wa pampu alichungulia nyuma ya pikapu, kisha akaja dirishani kwangu.

"Mama, hao wazee wawili huko nyuma hawahitaji maji ya kunywa? Mmoja analia."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Aliyebeba tawi haongei na mtu.

"Wamelowa wote," akasema. "Watapata homa."

Niligeuza shingo. Nyuma palikuwa na mkeka na dimbwi la maji, jua la saa saba linawaka. Nikalitazama tawi. Mwiba ulionyooka, na pembeni yake, kila mahali, ule uliopinda. Sikujua nani nimemnasa, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Kumwacha mmoja kungekuwa kuwaacha wote. Sbonelo akarudi, akawasha gari. Nikasema, "Sasa tunaondoka Mtubatuba," na sauti yangu haikuwa yangu.

Nyumbani niliweka tawi pale panapowekwa, ndani ya nyumba ya mama, ukutani nyuma kabisa, na chungu cha pombe. Mama alilipapasa kwa vidole vyake. Alicheka kama msichana. "Huyu ni wangu," akasema. Kisha akaendelea kupapasa, na kicheko kikaisha. Hakuniambia kwa nini. Nami sikumwambia nilichosikia njiani.

Huu ni mwezi wa nne tangu nilete tawi. Nimehamia Nongoma, nalala chumba kile kile na mama, cherehani yangu iko dirishani. Ukuta ni wa udongo, na bahari iko mbali. Juu ya tawi kuna kiganja cha chumvi, cheupe, kidole cha kati kifupi. Hicho sikifuti. Nakisalimia asubuhi.

Kiganja cha pili kina vidole vyote vitano. Nimekifuta mara sita, kwa maji, kwa siki, kwa kisu. Kinarudi. Lakini hakirudi palepale. Mara ya kwanza kilikuwa kando ya tawi. Leo asubuhi kilikuwa ukutani juu ya mto wa mama, na mama alikuwa amelala ameukumbatia mkono wake. Nilimfunua taratibu nisimwamshe.

Kifundoni ana mzunguko mweupe.