Kome la Nusaiba

Kome la Nusaiba lilikataa kukauka. Ala nyingine za muziki walizotengeneza watoto wa darasa la tatu zilipangwa dirishani, zimekaushwa vizuri na jua la kijiji cha Mkwiro: kayamba za matete, ngoma za mikebe, zeze la kifuu lenye uzi wa kuvulia. Lakini kome lile kubwa, ambalo Nusaiba alikuwa amelitoboa kwa msumari ili liwe baragumu, kila asubuhi lilikutwa limelowa, na maji yake yakinukia marashi ya waridi.

Mwalimu Mutheu, mtu wa bara na mwana wa kanisa, alilipangusa kwa leso, akalirudisha dirishani.

Siku ya Alhamisi Nusaiba hakuja shuleni. Adhuhuri, watoto wengine walipokwenda kula, Mutheu alifunga darasa. Hata hajachomoa ufunguo, akaisikia sauti ya Nusaiba ndani.

"Mwalimu, nifungulie."

Akafungua. Hapakuwa na mtu. Alilisogelea kome, akaliweka sikioni, na humo ndani akasikia pumzi za mtoto aliyelia mpaka akachoka.

Alilifunga ndani ya leso, akatoka mbio mpaka nyumbani kwa mtoto. Nusaiba alikuwa ameketi mkekani, akifumbua kinywa na kukifumba, bila sauti.

"Shikamoo, bibi," Mutheu aliamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Mwanafatuma, nyanya yake Nusaiba. "Tangu alfajiri yuko hivi."

Mutheu alifungua leso. Bibi akarudi nyuma hadi ukutani.

"Astaghfirullah! Hilo ni la pangoni kwa mzimu. Vya mle havichukuliwi."

Wakamwita Mzee Mwinyihaji, mganga wa kijiji, na baada ya swala ya alasiri wakaenda wote wanne. Pangoni mlikuwa na vitambaa vyekundu na chupa za marashi zilizoachwa na watu wenye haja zao. Mganga alilirudisha kome mahali pake, akafukiza ubani, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo moshi ulivyokataa kupanda, ukajikunja chini kwenye miguu yao kama kitu kinachonusa, na maji yakaanza kutiririka kutoka kinywani mwa kome ingawa bahari ilikuwa imekupwa mbali, na ndani ya maji hayo ikaja sauti ya Nusaiba, tulivu kuliko sauti ya mtoto yeyote.

"Simtaki mtoto. Mtoto alitumwa. Namtaka aliyemtuma."

"Nani aliyemtuma?" Mwinyihaji alinong'ona.

Mutheu aliyakumbuka maneno yake mwenyewe darasani: leteni chochote chenye sauti. Pale pangoni hakuna aliyeyajua isipokuwa Nusaiba. Mtoto alimtazama tu, hakunyoosha kidole.

"Ni mimi," Mutheu alisema. "Mimi ndiye niliyewatuma."

"Bibi!" Nusaiba alipiga ukelele, akamrukia nyanya yake. "Bibi, twende nyumbani!"

Mutheu alitaka kumshukuru Mungu. Kinywa kilifumbuka, hakikutoa sauti. Siku ya Ijumaa Mwinyihaji alirudi pangoni kumwombea mwalimu, akarudi tena Jumamosi na Jumapili. Kome halikumjibu.

Jumatatu asubuhi Mutheu alisimama mbele ya darasa, akafungua daftari la mahudhurio, midomo imefumbwa. Ndipo kutoka upande wa pangoni, wazi kabisa, sauti yake ikaanza kuita majina ya watoto, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

Na watoto, kwa mazoea, wakaitika.

"Nipo, mwalimu."

"Nipo, mwalimu."